Wimbo Uliolimwa Juu ya Maharage

Hapo zamani, lakini si ile zamani ya fisi kuazima kanzu, ni zamani ya juzijuzi ambapo kitambi hiki nilikuwa nacho tayari, nilipanda milima ya Upare kumsalimia shangazi yangu Nakijwa. Mimi ni mtu wa safari. Nimeosha vyombo Hamburg, nimekaanga sambusa Maskati, na kote huko nimerudi na kitu kimoja tu: mdomo. Basi pale uani kwa shangazi, sahani ya makande mapajani, nikatoa simu nikawapigia waliokuwapo albamu ya muziki wa filamu moja ya mapenzi. Ndani yake mna wimbo wa milimani kwetu. Pembe inalia, majembe yanapiga udongo, kisha sauti moja inapaa, nyembamba, tamu.

"Sikilizeni," nikasema, macho nimefumba. "Mama huyu, popote alipo, ningekuwa kijana ningempelekea posa."

Ua mzima ukanigeukia. Mzee aliyeketi kulia kwangu, mwenye masharubu mazito kama ufagio, akaacha kutafuna.

"Posa yako nimeisikia," akasema. "Lakini wajomba zangu hawapokei simu. Wanataka ng'ombe."

Huyo ndiye Mchome. Na sauti ile ilikuwa yake.

Walipomaliza kunicheka, na hawakuwa na haraka, ndipo wakanipa kisa. Nami nawapa ninyi kama nilivyopewa. Chumvi sikuongeza, makande ya shangazi yalikuwa nayo ya kutosha.

Alikuja mtu wa mjini, jina lake Kasiani, mtafuta nyimbo wa ile filamu. Akasema, "Nataka wimbo wenu wa kulimia, ule wa wanawake." Wakamwambia wanawake waliouongoza wote wamekwisha kuzikwa. Aliyebaki anaujua ni Mchome, kwa kuwa utotoni alikuwa hamwachi mama yake shambani. Mchome akaitwa. Mchome akakataa. "Nikiuimba ule, nitaitwa Mama Mchome mpaka kaburini." Wakambembeleza. Akakubali.

Wakamweka darasani, kinasa sauti mbele yake. Akafungua mdomo, wimbo ukakataa. Wakampa jembe, akapiga sakafu ya saruji, wimbo ukakataa. Wakamletea wanawake wa kuitikia, wamepangwa kama kwaya ya Pasaka, wimbo ukakataa.

Mchome akatupa jembe. "Wimbo huu unavuta pumzi jembe linapozama udongoni. Hapa jembe halizami, nami sipumui. Tafuteni shamba. Tafuteni na watu."

Shamba lipi? Mvua zilikwisha kunyesha, kila kipande kina mmea. Kasiani akabisha mlango huu: shamba? Hapana. Mlango ule: shamba? Hapana, baba, tutakula wimbo? Akafika kwa huyuhuyu shangazi yangu Nakijwa, mjane mwenye kishamba kimoja cha maharage yaliyoanza kutoa maua. Nakijwa akayatazama maharage, akamtazama mgeni, akayatazama tena maharage.

"Mama mkwe wangu aliupenda wimbo huo mpaka kufa kwake," akasema. "Limeni hapa."

Na watu je? Kwetu watu hawaji shambani kwa kupigiwa simu. Wanakuja pembe ikilia, pembe ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Na pembe hailii ila kwa kazi ya kweli au kwa janga. Mtunza pembe alikuwa Hemedi, aliyeirithi kwa baba, na baba kwa babu. Kasiani akamwomba. Hemedi akakaa, akasimama, akakaa tena.

"Nikiipuliza kwa mchezo, wazee wataninyang'anya."

"Mchezo?" akasema Nakijwa. "Hemedi, maharage yangu ni mchezo?"

Hemedi akasimama, akapuliza.

Watu wakamiminika. Wakapanga mstari. Jembe juu, jembe chini, maua yakaingia ardhini, na Mchome akapaa. Wanawake wakaitikia bila kufundishwa. Kasiani akalia, akanasa, akashukuru, akashuka mlima.

Jioni wazee wakasimama mlangoni kwa Hemedi. "Msaragambo wa kulima tunaujua. Msaragambo wa kufukia maharage hatuujui." Wakaichukua pembe.

Filamu ikatoka, albamu ikatoka, na chini ya wimbo ule hapakuwa na jina la mtu. Kasiani akarudi ameona haya. "Toleo jipya litakuwa na jina la mwenye wimbo," akasema. "Lakini jina moja. Nafasi yenyewe ni upana wa kidole. Kubalianeni."

Wazee nao wakaongeza lao. "Likiandikwa jina la Hemedi, basi pembe ililia kwa jambo la maana, tutamrudishia. Likiandikwa la mwingine, pembe inahamia ukoo mwingine."

Sasa, Wapare mnatujua. Wanatutania kwamba mtu wetu huuza ng'ombe apate nauli ya kwenda kudai kuku mahakamani. Uzushi mtupu. Ni kwamba kuku tunawapenda.

Basi kesi ikaendelea palepale uani mbele yangu, wote watatu wapo. Hemedi akasema, "Bila pembe nani angekuja? Mchome angewika peke yake kama jogoo mgeni. Ninyi mmepata wimbo, mimi nimepoteza pembe ya babu yangu. Mwanangu nitamwachia nini? Kikohozi?"

Mchome akasema, "Pembe inasema njooni, basi, haina neno la pili. Maneno aliyatunza nani? Watoto njiani wananiamkia, 'Shikamoo, Mama Mchome.' Na leo huyu mwenye kitambi kaniposa mbele ya watu! Waandike: Mchome, mwanamume."

Nakijwa hakuacha kupakua makande. "Darasani mdomo mlikuwa nao," akasema. "Jembe mlikuwa nalo. Waitikiaji mlikuwa nao. Mlikosa udongo, na udongo ni wangu. Pembe hailiwi, Hemedi. Heshima hailiwi, Mchome. Mimi nilitoa chakula. Msimu ule nilibeba bakuli kwenda kwa majirani, mimi ambaye majirani walikuwa wakija kwangu."

"Ungesema, dada, tungekupa," akasema Hemedi.

"Nilisema. Mlinipa?"

Hemedi akatazama vidole vya miguu yake.

Kasiani yuko chini barabarani, nyumba ya wageni, anangoja jina. Pembe iko kwa wazee, imefungwa kwenye gunia, inangoja jina hilohilo. Wapo watatu: aliyeita watu, aliyetunza maneno, aliyetoa udongo. Yupo aliyepoteza urithi, yupo aliyepoteza heshima, yupo aliyepoteza chakula. Nafasi ni upana wa kidole. Enyi mnaonisikiliza, je, nani alistahili?

Mimi nilikuwa na jibu langu. Nikaweka sahani chini, nikakohoa kihakimu, nikaanza, "Ndugu zangu, kwa mtu aliyeizunguka dunia kama mimi, ni wazi kabisa kwamba..."

"Kijana," akasema Mchome, "mwanamume na mwanamke tu wamekushinda kuwatambua. Mwenye wimbo utamjulia wapi? Kula makande yako."