Moshi Katika Chai ya Ngulu

"Hitilafu haina ukoo, itafute ilipo." Mmeisikia methali hii leo makaburini, mchungaji alipokuwa akimwombea marehemu Subilaga, nanyi mkaniuliza ni nani aliyeitunga. Hakuitunga mtu kwa kukaa na kufikiri. Ilizaliwa uwanjani, nje ya kiwanda chetu cha chai, nami nilikuwapo. Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuonja chai kabla haijafungwa.

Chanzo chake ni hiki.

Mwaka ule mvua ilinyesha bila kupumzika, na mashamba yakatoa majani mengi kuliko kiwanda kilivyoweza kuyameza. Tulifurahi. Kisha wanunuzi wakaanza kuirudisha chai yetu. Wote walitoa sababu moja: inanuka moshi. Nilikuwa nimekwisha kuihisi harufu hiyo katika vikombe vyangu na nimeripoti, lakini ripoti haisemi moshi umetoka wapi.

Watu walijijibu wenyewe. Juu kabisa ya bonde letu kuna kitongoji cha Ngulu. Wakazi wake ni wahamiaji waliovuka milima kutoka Ukinga, na kule kwao baridi ni kali, hivyo moto hauzimwi ndani ya nyumba. Gari la kukusanya majani huwafikia mwisho. Likikwama kwenye tope, majani waliyochuma mchana hulala nyumbani mwao, karibu na meko. Jambo hili lilikuwa kweli. Kila mtu alilijua, na kwa kuwa lilikuwa kweli, hakuna aliyeona haja ya kuuliza zaidi.

Meneja wetu, mtu mwenye shahada ya biashara na ulimi mzuri, akapendekeza familia zote za Ngulu zifutwe katika ushirika wetu wa wakulima. Mkutano mkuu ukaitishwa ili kupiga kura. Kwa watu wa Ngulu, kufutwa kulimaanisha kung'oa chai yao na kurudi walikotoka, maana hakuna kiwanda kingine ambacho majani yangefika kabla hayajaharibika.

Subilaga alikuwa mhandisi wa kiwanda. Msimfanye malaika kwa sababu tumemzika leo. Alikuwa mkavu, hakucheka ovyo, na mtu akimletea lawama alimuuliza swali moja tu: "Umeona, au umesikia?" Siku moja kabla ya mkutano alikuja kwenye chumba changu akaniambia, "Dada Tumwitike, kesho nitahitaji maji ya moto na vikombe vitatu. Usiniulize kitu, maana ukijua utaonja kwa masikio."

Uwanja ulijaa. Watu wa Ngulu walikaa pembeni, wamejikunyata. Mwenyekiti, Mzee Anyosisye, hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu jambo liishe. Kabla hajamaliza utangulizi, Gwakisa, ambaye hakuna mkutano aliowahi kuupita kimya, akasimama.

"Mwenyekiti, tunazunguka nini? Makosa haya yana ukoo! Yanatoka Ngulu! Watu wanakausha chai kama samaki!"

Watu wakacheka. Subilaga akainua mkono.

"Naomba mwenyekiti aonje kwanza."

"Mhandisi, hapa ni mkutano au hoteli?" Gwakisa akadakia.

"Wewe pia njoo uonje. Cha bure ulikikataa lini?"

Hapo walicheka tena, lakini safari hii walimcheka Gwakisa. Nikamimina. Mzee Anyosisye akaonja kikombe cha kwanza, akakunja uso. "Moshi." Cha pili, vilevile. "Moshi mtupu." Cha tatu alikirudia mara mbili. "Hiki ni safi. Hiki ni chai." Nilionja baada yake, nikathibitisha. Gwakisa naye akaonja, akakirudisha kikombe mezani.

"Cha kwanza ni majani ya Ngulu," Subilaga alisema. "Cha pili ni ya shamba lako, mwenyekiti. Niliyachukua mwenyewe juzi asubuhi, hayajaona jiko la mtu. Yote mawili yamepita kwenye kikaushio chetu kikubwa."

"Na hiki safi?"

"Ngulu. Yalilala karibu na meko kama kawaida yao. Ila nimeyakausha kwenye kikaushio kidogo cha umeme, kile cha majaribio."

Hata wasiojua mashine walielewa: majani ya Ngulu yalikuwa safi hadi yalipoingia mikononi mwetu.

"Kikaushio kikubwa kina mabomba," aliendelea. "Moto na moshi hupita ndani ya mabomba, hewa safi hupita nje yake, ikapata joto na kukausha chai. Jana nilizima tanuri nikayafungua. Yamepasuka. Moshi unavuja na kuingia kwenye chai ya kila mmoja wetu."

"Nani aliyeyapasua?" meneja akauliza kwa ukali.

"Mimi."

Nilimtazama. Uso wake haukubadilika, ila vidole vyake vilikuwa vimeshika ukingo wa meza kwa nguvu.

"Majani yalipozidi, niliamuru moto uongezwe kupita kipimo cha mtengenezaji. Nilitaka mrundikano uishe. Chuma hakikukubali."

"Kumbe tukufukuze wewe!" Gwakisa akasema, lakini sauti yake haikuwa na makali.

"Hilo ni lenu kuamua. Lakini hitilafu haina ukoo, Gwakisa. Itafuteni ilipo. Mngewafukuza hawa leo, na kesho chai ingenuka vilevile."

Baba Tweve, mkubwa wa watu wa Ngulu, akasimama polepole. "Mke wangu ameshafunga mizigo," alisema. "Naomba mtu akamwambie afungue." Kisha akaketi.

Kura haikupigwa. Kiwanda kilifungwa hadi mabomba mapya yalipofika, na majani mengi yalioza. Hasara ile ilikuwa kubwa na kuna waliomlaumu Subilaga kwa muda mrefu. Walikuwa na haki. Lakini meneja alipoondoka, wakulima haohao walimtaka yeye ashike nafasi. Alikataa, akisema hakusomea biashara. Mzee Anyosisye akamjibu, "Aliyesomea alitaka kutuondolea watu tukabaki na moshi." Basi akakubali.

Mnauliza pia kwa nini wahandisi wengi huweza kuongoza biashara. Si wote, nimewajua waliopenda vyuma wakadharau watu. Lakini mashine haidanganyiki kwa hotuba wala haiogopi cheo. Aliyeishi nayo hujifunza kufungua kabla ya kuhukumu, na kujihesabu mwenyewe miongoni mwa vinavyoweza kuwa vibovu. Subilaga alipokuwa meneja mkuu, mauzo yaliposhuka hakuuliza nani. Aliuliza wapi. Kwa njia hiyo ushirika umesimama hadi leo.

Kaburi lake limechimbwa na vijana wa Ngulu. Walishuka alfajiri na majembe yao, na hakuna aliyewatuma.

Hitilafu haina ukoo, itafute ilipo.