Karanga Iliyobaki Kila Mahali

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Na karanga, na pembe ndefu, na kichwa kidogo. Haya, sogeeni.

Hapo kale Ngiri alikuwa na ardhi, Kindi alikuwa na jembe. Kindi akilima, Ngiri akilala. Desturi yao ilikuwa hii: siku ya mavuno Ngiri anataja idadi ya mafungu. Mafungu yakilingana, anabeba moja. Zikibaki karanga, mgawo umevunjika, anataja idadi nyingine, mpaka jua lizame. Likizama hajapata, anatoka kapa.

Mwaka uliotangulia alitaja mawili. Yakalingana, akaondoka na nusu. Kiangazi kikaja, mtoto mmoja wa Kindi akafa kwa njaa. Hilo silisimulii kwa kucheka.

Mwaka huu Kindi akahesabu mapema, peke yake. Karanga elfu mbili mia tano na ishirini. Akazipanga mbili mbili, zikatimia. Tatu tatu, zikatimia. Nne nne, tano tano, mpaka kumi kumi, zikatimia, haikubaki hata moja. Akaketi chini akaogopa. Idadi gani hii, inayomkubali kila anayeigusa?

Akafikiri sana. Kisha akaenda kwenye chungu cha mbegu, akatoa karanga moja, akaitia kwenye lundo. Hii haina mwenzake, akawaza, basi itabaki kila mahali. Akajaribu mpaka hamsini hamsini. Hakuna iliyotimia.

Ngiri akaja, vumbi likitimka, puu, puu.

"Kindi, panga mafungu mawili."

"Haya, bwana mkubwa."

Tu, tu, tu. Ikabaki moja.

"Matatu."

Tu, tu, tu. Ikabaki moja.

"Manne."

Tu, tu, tu. Ikabaki moja.

"Hii inatoka wapi?"

"Shambani kwako, bwana."

Yakaja matano, sita, saba. Yakaja manane, tisa, kumi. Ikabaki moja, na Ngiri alianza kuichukia kama mtu.

Jua likagusa kichuguu. Jasho lilimtoka Ngiri tiriri. "Kindi, wewe una kichwa. Kweli hakuna mgawo unaolingana hapa?"

Kindi akatazama lundo. Mgawo wa fungu moja ulikuwepo, na fungu hilo lilikuwa lundo zima. Lakini Ngiri tangu lini akafikiria moja?

"Upo, bwana. Ila mafungu yake ni mengi."

"Mangapi?"

"Elfu mbili mia tano ishirini na moja."

Ngiri akameza mate. "Hayo hayo. Panga."

Kindi akapanga. Tu. Tu. Tu. Kila fungu karanga moja, hakuna lililozidi, hakuna lililopungua.

"Yamelingana, bwana. Beba fungu lako."

Ngiri akalibeba. Kacha! Akaondoka akitafuna polepole, akijaribu kuelewa. Kindi akarudisha karanga moja kwenye chungu cha mbegu, kisha akawaita watoto waliobaki waje kula.

Hadithi yangu nimeifunga kwenye khanga. Atakayeifungua ahesabu kwanza. Na fundisho lake ni hili: nyie wadogo msihangaike na hesabu. Waachieni wakubwa. Wao wanajua yote, mpaka kumi.