Brashi ya Poda na Kiti cha Dirishani

Haya, nyote mnaojiona mna akili, sogezeni masikio. Leo sina mchezo. Kuna swali limenikaa kooni wiki nzima, na mimi Sudi, kinyozi namba moja Morogoro yote, niliyeacha shule kidato cha pili baada ya walimu kuishiwa cha kunifundisha, limenishinda. Mnacheka? Chekeni tu. Mkifika mwisho mtajikuna vichwa, na haitakuwa kwa sababu ya mba.

Bi Shufaa ana saluni ya vyumba viwili vilivyotengwa kwa pazia. Mbele ni wanawake, nyuma ni mimi na kiti changu cha kunyolea. Mwaka huu alipokea wasichana watatu wanaosomea urembo, waje wajifunzie kazi kwake kabla ya mtihani wa leseni. Kila mmoja alikuja na chake.

Siwatu, wa Pangani, alikuja na jicho. Huyo akikutazama ngozi utadhani anasoma gazeti. "Kaka Sudi, kipele hicho si cha joto. Ni cha wembe butu." Siku ya kwanza hiyo! Hata chai hajanywa!

Zaituni, wa Kondoa, alikuja na kumbukumbu. Huyu ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, kwa hiyo namjua tangu anatambaa. Kichwa kikipita mbele yake mara moja, kimeandikwa. Nani, lini, alisuka nini, alilalamika nini. Hata deni la maandazi la mwaka juzi anakukumbusha, tena mbele za watu.

Ng'washi, wa Shinyanga, alikuja na mikono. Haongei. Anaosha kitana kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga, jino kwa jino. Nilimpa jina, Bibi Sabuni. Hakucheka hata siku moja.

Sasa pale dirishani kuna kiti kimoja. Anayekikalia ana kazi, ana wateja wake, ana mahali pa kuanzia maisha. Wengine wawili wakimaliza mtihani wanarudi kwao. Wote watatu walikuwa wanakipangusa kiti kile kila asubuhi, kila mmoja akijifanya amekuta kina vumbi.

Ndipo mambo yakaharibika.

Mteja wa kwanza alirudi na baka la duara nyuma ya shingo, linawasha. Wa pili akarudi. Wa tatu. Bi Shufaa akasema ni dawa ya nywele imewaunguza. Akawapaka mafuta ya kutuliza, akawaomba radhi, akabadilisha dawa. Wa nne akarudi. Akatupa taulo zote, akanunua mpya. Wa tano akarudi, tena huyu alikuja na bwana afya.

Bwana afya hakupiga kelele. Alitazama ile shingo, akatazama leseni ukutani, akaandika. "Bi Shufaa, nakupa mwezi mmoja. Ukishindwa kuniambia hiki ni nini, kinatoka wapi na umekizuiaje, nafunga mlango."

Bi Shufaa akakaa kwenye kiti cha kukaushia nywele, akalia hadharani. Baadaye akafuta macho kwa kanga, akawatazama wale watatu. "Atakayeiokoa saluni hii, kiti cha dirishani ni chake. Mbele ya Mungu."

Wiki ya kwanza ilikuwa ya Siwatu.

Alikuja tena bibi harusi mmoja, naye ni katika wale watano, zimebaki siku tatu aolewe, na shangazi yake, na mashoga saba nyuma wanasubiri zamu. Kichwa cha kutengenezwa ni chake na cha msafara mzima. Siwatu akamwinua nywele, akatazama nyuma ya shingo, akaweka kitana chini.

"Dada, samahani. Sitakugusa leo."

"Nini?" Shangazi akasimama. "Umesema nini wewe?"

"Shangazi, njoo utazame. Ngozi iliyoungua kwa dawa ingekuwa nyekundu mahali pote dawa ilipofika. Hii ina ukingo ulioinuka kama wa sahani, na katikati inaanza kupona. Naona inafanana na choa, na choa kinaambukiza. Mimi si daktari, sitibu. Nendeni hospitali mkahakikishe. Na yale mafuta tuliyompaka wiki iliyopita, asiyapake tena."

Alitukanwa, jamani. Aliitwa mchawi wa harusi za watu. Wale tisa wakaondoka na Bi Shufaa akashika kichwa. Siwatu alichukua kile kitana, akaenda kukiosha. Kesho yake shangazi akarudi na karatasi ya daktari. Ni choa. Akaiweka mezani bila kumtazama Siwatu, akaondoka.

Kwa hiyo tulijua ni nini. Bila jicho la Siwatu tungekuwa mpaka leo tunapaka mafuta ya kuungua, na choa kinanawiri.

Wiki ya pili ilikuwa ya Zaituni. Hapo ndipo hadithi inapoanza kunichoma.

Kujua ni choa hakukutusaidia kujua kinatoka wapi. Bi Shufaa alichemsha kila kinachochemka. Akagombana na kila mtu. Zaituni akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akafumba macho, akaanza kuhesabu vichwa kwa vidole.

"Mama Nuru, Jumanne, twende kilioni, alisukwa na Siwatu. Yule mwalimu, Alhamisi, alitiwa dawa ya nywele na Ng'washi. Bibi harusi, Ijumaa, nilimsuka mimi. Kiti si kimoja. Kitana si kimoja. Mkono si mmoja. Taulo si moja."

"Basi ni uchawi," nikasema mimi kutoka nyuma ya pazia, najichekea.

Akafumbua macho. "Wote watano walipita kwako, Sudi."

Nyamazeni kwanza, nieleze. Pale kwetu, mwanamke akimaliza kusukwa, anavuka pazia namchonga nywele za shingoni. Bure! Ni utaratibu niliouanzisha mimi mwenyewe, na wanaupenda. Bila mkono wangu kichwa hakijaisha. Na mashine yangu naifuta kwa spiriti kabla ya kila mteja, tena naifuta mbele ya macho yake, kwa mbwembwe.

"Mashine yangu safi!" nikafoka. "Muulize yeyote!"

"Mashine ndiyo. Ukishachonga unafanya nini?"

"Namfagia nywele shingoni."

"Kwa kitu gani?"

Nikatazama mkononi. Brashi. Brashi yangu laini ya poda, ile niliyonunua siku ya kwanza ya kazi, brashi yangu ya bahati. Shingo baada ya shingo, poda juu ya poda. Sijawahi kuiosha. Nani anaosha brashi ya poda?

"Na nakumbuka kabla ya Mama Nuru," Zaituni akaendelea, hana huruma, "ulimnyoa yule mfuga sungura wa Kihonda. Ulisema shingo yake ina madoa kama ramani. Ulicheka. Halafu ukamfagia."

Alisema hayo mbele ya Bi Shufaa. Mbele ya wateja wawili. Binamu yangu, damu yangu, mtoto aliyekula ugali kwetu likizo zote. Shangazi, mama yake mzazi, alimpigia simu jioni akamuuliza kama hana aibu. Alilia, lakini maneno hakuyarudisha.

Kwa hiyo tulijua kinatoka wapi. Bila kumbukumbu ya Zaituni tungekuwa na jina la ugonjwa, na mimi ningali naufagia shingoni kwa watu, bure.

Wiki ya tatu ilikuwa ya Ng'washi.

Mimi si mtu wa kushindwa. Nikachukua brashi, nikaizamisha kwenye chupa ya dawa ya kuulia vijidudu pale mezani. "Haya, imekwisha! Mnaridhika?"

Ng'washi akaja taratibu. Akaitoa brashi, akaikamua juu ya karatasi nyeupe. Ukatoka uji wa kijivu, poda na nywele na mafuta ya shingo za watu. Akainusa dawa ya kwenye chupa.

"Hii mmeibadilisha lini?"

Hatukuwa tunaibadilisha. Ikipungua tunaongeza maji, maji yakizidi tunaongeza dawa kidogo rangi irudi. Rangi ikiwa nzuri, roho zetu zimetulia.

"Dawa haipiti kwenye uchafu," akasema. Nadhani ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuniambia. "Kwanza sabuni na maji. Halafu dawa mpya, kwa kipimo cha kwenye chupa. Halafu unasubiri dakika zilizoandikwa. Saa inahesabu, siyo wewe."

Brashi yangu akaitupa. Hivi hivi, kwenye pipa! Kila shingo ikapata kipande chake cha pamba, kikitumika kinatupwa. Akaosha vitana, vibanio, mashine, viti, hadi kitasa cha mlango. Asubuhi na jioni, siku kumi na nne. Siku ya tisa glavu ziliisha, Bi Shufaa hana nyingine mpaka wiki ijayo. Ng'washi akaendelea mikono mitupu. Ngozi ikapasuka, vidole vikachubuka. Hospitali wakasema ni ukurutu wa dawa, akae mbali na maji na dawa mpaka apone.

Siku ya ishirini na tisa bwana afya akaja. Akauliza ni nini, Siwatu akajibu. Akauliza kilitoka wapi, Zaituni akajibu, na kidole akaninyooshea. Akauliza kimezuiwaje, Ng'washi akafungua kabati, akaonyesha pamba na dawa mpya kwa mkono uliofungwa bandeji. Shingo mpya yenye baka haikuwepo hata moja tangu brashi itupwe. Bwana afya akasaini, akaomba achongwe shingo. Nilimchonga bila mbwembwe, nikampangusa kwa pamba.

Mlango haukufungwa. Sasa kiti.

"Kama nisingesema ni choa, mngetafuta nini?" akaanza Siwatu.

"Uliliona baka la kwanza siku ile ile, ukanyamaza siku kumi kwa kumwogopa Bi Shufaa," Zaituni akamjibu. "Mimi nilimtaja ndugu yangu."

"Ndugu yako uliyekuwa unampelekea wateja nyuma ya pazia wewe mwenyewe!" Siwatu akamrudishia.

"Mikono," akasema Ng'washi. Neno moja, akaiinua.

"Mikono hiyo isingeumia kama ungesubiri glavu," Siwatu akasema, halafu akainamisha kichwa, kwa sababu alijua amesema vibaya.

Nikacheka. Kosa langu kubwa maishani. Bi Shufaa akanigeukia. "Unacheka? Wewe ndiye uliyetusambazia, wewe ndiye utakayeamua. Jumamosi asubuhi uniambie nani anakaa."

Basi leo ni Ijumaa. Kiti kimefunikwa kanga, hakuna anayekipangusa tena. Nikimpa Siwatu, nimempa aliyeona na kukawia kusema. Nikimpa Zaituni, watasema nimempendelea damu yangu, na nikimnyima watasema namlipizia kisasi, na shangazi atanipigia simu. Nikimpa Ng'washi, nimemkalisha mtu ambaye mikono yake haiwezi kushika kitana mpaka Mungu apende. Na toa mmoja yeyote kati yao, saluni ina kufuli leo, na mimi naning'inia nje na mashine yangu.

Nimewauliza wazee, wameniambia nigawe kiti kwa zamu. Kiti ni kimoja, kazi ni moja, nyie! Nimemuuliza mwalimu wangu wa zamani, akasema ningemaliza shule ningejua. Mwongo. Yeye mwenyewe aliomba nimpe mpaka Jumatatu afikirie.

Kwa hiyo msinitolee macho. Mlikuwa mnacheka mwanzoni, sasa mbona mnajikuna vichwa? Kanga naifunua kesho saa mbili, na wote watatu watakuwa wamesimama pale wananitazama mimi. Aliyeona, aliyekumbuka, aliyeosha. Haya, wewe mwenye akili: ungemkalisha nani?