Fundi Bomba na Damu Yake

Wapendwa, mnivumilie, leo sijatulia tangu asubuhi.

Kulikuwa na fundi bomba mmoja mwenye kisukari. Kila kliniki ikikaribia, alibadilika. Siku tatu soda marufuku, chai bila sukari, jioni mlenda na kipande cha ugali wa dona. Mkewe akimwambia, "Baba, si ungekula hivi mwaka mzima?" alijibu, "Mama, mtihani unasomewa ukikaribia." Kidole kikitobolewa, sukari nzuri, nesi anampongeza. Akishatoka getini tu, chapati mbili na soda baridi. Mnacheka? Mnamjua, eh?

Safari moja daktari hakuridhika. Nyayo za fundi zilikuwa zinawaka moto, macho yameanza kuona ukungu. Akamtoa damu ya mkononi, akaipeleka maabara. Kusubiri kukamshinda fundi. Alisimama, akaketi, akaenda dirishani, akarudi.

Majibu yakaja. "Mzee, sukari ya leo ni nzuri. Lakini ndani ya damu yako tumekuta vitu vilivyobanduka kwenye kuta za mishipa."

"Haiwezekani, daktari! Si umekiona kipimo cha kidole?"

Daktari akaweka karatasi mezani. "Wewe ni fundi. Mwenye nyumba anafungulia maji yatiririke kwanza, ndipo anakuita uone yalivyo safi. Ukichungulia ndoo, kuna kutu chini. Unamwambiaje?"

Fundi akacheka, maana hilo alilijua. "Namwambia asinionyeshe maji, anionyeshe bomba. Linaliwa kwa ndani, na siku litakapo..."

Aliketi, akaitazama miguu yake.

Je, sisi? Jumamosi jioni tunafungulia maji yatiririke. Tunaacha matusi kwa siku moja, tunapiga pasi kitenge, kisha tunampelekea Mungu kidole: nipime, niko safi! Wiki nzima tulikuwa tunakula nini? Chuki hailii njaa, ndugu zangu. Inakula kimya kimya, nasi tunaimba.

Msidhani nimesimama huku juu kwa kuwa nimepona. Kaka yangu wa tumbo moja sijamsalimu tangu Pasaka, sababu ya mpaka wa shamba. Na kila Jumapili nawabariki kwa mkono huu huu.

Ibada ikiisha msinisubiri mlangoni kunipa mkono. Nakwenda kwake. Nanyi mnajua pa kwenda.