Jina la Mjukuu wa Atuganile

Hapo zamani, si ile ya mababu bali ya juzi tu, kompyuta zilipoanza kuingia hospitali za wilaya, kulikuwa na mchuma chai wa Rungwe aliyeitwa Atuganile. Kila mwezi alikwenda kliniki ya presha. Siku moja akamwambia daktari, kwa sauti ya chini, kwamba hedhi yake imekoma miaka mitatu sasa lakini bado anaona matone ya damu. Daktari akaandika mstari mmoja kwenye faili, akampa dawa za presha, akamwita mgonjwa mwingine. Atuganile akarudi nyumbani. Hakumwambia mume, hakumwambia binti. Faili likarudi kabatini.

Hospitalini hapo kulikuwa na karani, Tumpe, aliyepewa kazi ya kuhamishia mafaili kwenye kompyuta. Aliagizwa aingize jina, umri na ugonjwa, basi. Yeye akaingiza kila mstari. Akagombezwa kwa kuchelewesha kazi, akaendelea. Foleni ikarefuka dirishani kwake, watu wakanung'unika, akaendelea.

Kulikuwa na muuguzi, Lugano. Yeye aliona kwamba wanaokuja kupimwa saratani ya mlango wa kizazi ni wale wale kila mwaka. Akaitaka kompyuta imtolee wanawake wenye dalili ambao hawajawahi kupimwa. Yakatoka majina sitini na moja, na la Atuganile likiwamo. Akapiga simu. Namba haikupatikana.

Basi akamtuma Subilaga, mhudumu wa afya wa kijiji. Subilaga akapanda mlima. Mara ya kwanza Atuganile akamwambia, "Mwanangu, nina chai ya kuchuma." Mara ya pili akamwambia, "Mama yangu aliingia hospitali hiyo akatoka amefunikwa shuka. Niache." Mara ya tatu Subilaga hakumwita pembeni. Alisimama uani, mama mkwe akisikia, akamwambia mume, "Baba Ambakisye, mkeo anatokwa damu na anakuficha."

Atuganile alitamani ardhi ipasuke immeze. Mumewe aliingia ndani, akatoka amevaa koti. "Twende," akasema.

Akapimwa. Saratani ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Akafanyiwa upasuaji, akapona.

Mwaka uliofuata binti yake, Sekela, akajifungua mtoto wa kike. "Mama," akasema, "nusura nikukose. Mpe mtoto jina la aliyekuokoa. Ubatizo ni Jumapili."

Hapo utulivu ukamtoka Atuganile. Aliinjika sufuria akasahau kutia maji. Alikwenda kuchuma chai akarudi na kikapu nusu. Alikaa, akasimama, akakaa tena. Ijumaa Tumpe, Lugano na Subilaga wakaja kumwona mtoto, na Sekela akawaeleza kwamba mama yake hajui achague jina la nani.

Tumpe akasema, "Mstari ule ni mimi niliyeuhifadhi. Ningefanya nilivyoagizwa, ungeliwa na mende kabatini."

"Uliuandika, dada, ukaenda zako," Lugano akasema. "Mstari ulikaa kwenye kompyuta mwaka mzima, haukumwita mtu. Mimi ndiye niliyeutafuta."

"Ukapata jina," Subilaga akasema. "Jina halipandi mlima. Mimi nilipanda mara tatu, mara mbili nikafukuzwa."

"Na ya tatu ukaniaibisha," Atuganile akasema.

"Ndiyo, Mama. Ningekustahi, ningekuja kukuzika."

Atuganile akamgeukia Lugano. "Nawe, nani alikupa ruhusa ya kusoma siri yangu?"

"Hakuna. Ningekuomba vipi, Mama, na simu yako haipatikani?"

Tumpe akatabasamu. "Usicheke," Atuganile akamwambia. "Jirani yangu alisimama dirishani kwako tangu asubuhi, akachoka, akarudi na homa yake." Tumpe akainamisha uso.

"Mama, hawa ndio waliokuponya," Sekela akasema.

"Najua. Nawashukuru, na hasira bado ninayo. Vyote vimekaa humu kifuani, hakuna kinachotaka kumpisha mwenzake."

Jumapili ikafika. Mchungaji akampokea mtoto, akachovya vidole majini, akamtazama bibi. "Mtoto huyu anaitwa nani?"

Atuganile akageuka. Wale watatu walikuwa wameketi benchi moja, wanamtazama. Mtoto akaanza kulia. Mchungaji akauliza tena.

Basi ninyi mliosikia yote, msaidieni mama huyu, kanisa zima linamsubiri: mtoto aitwe Tumpe, aitwe Lugano, au aitwe Subilaga?