Sheikh Aliyeishusha Dari

Wametuhadithia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Iraqi aliishi mja akiitwa Thaubani bin Luqmani, mtu wa swala na saumu, na watu walikuwa wakitoka mbali kuja kumsikiliza akizungumzia zuhudi, yaani kuipa dunia kisogo. Mkewe akiitwa Lubaba, bado mdogo wa umri, na ndiyo kwanza alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza, Suhaili, ambaye tangu kuzaliwa kifua chake kilikuwa kinakoroma.

Basi nyumba yao ya zamani ikaanguka kwa mvua, wakaanza kujenga mpya. Na desturi ya mji ule ilikuwa hivi: kuta zikishapanda, kabla magogo ya mitende hayajalazwa juu, mwenye nyumba husimama katikati ya chumba akaonyesha kwa ufito mahali anapotaka dari yake ikae. Wengi waliunyoosha ufito mpaka mikono ikawauma, kwa sababu kiangazi cha kule hakina mzaha, na joto lazima lipate pa kupanda.

Thaubani akaukataa ufito. Akaweka kiganja juu ya kilemba chake akasema, "Hapa."

Fundi wake, Jabala, alidhani hakusikia vizuri. "Hapo, ewe sheikh? Si utakuwa unagonga kichwa kila ukinyanyuka?"

"Nitainama."

"Na wageni wako?"

"Nao wainame."

Jabala akawageukia wenzake. "Haya jamani, tumeitwa kujenga nyumba, kumbe ni banda la kuku!" Wakacheka, na Thaubani naye akacheka, maana hata kejeli ile ilimwingia moyoni tamu kama asali.

Lubaba alikuwa ameketi kivulini, mtoto mapajani. Akamwita mumewe kando akasema kwa sauti ya chini, haraka haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa, "Baba Suhaili, mimi sikupingi, lakini kifua cha mtoto huyu unakijua, na humo ndimo nitakamopika, na taa itawaka humo humo, sasa lile joto litakaa wapi? Tuipandishe kidogo tu, mume wangu."

"Mama Suhaili, dunia ni njia ya kupita. Kwani tunajenga ili tukae milele?"

Aliyesema ni mtu ambaye mji mzima ulikuwa ukiomba dua yake. Lubaba akaona haya, akajiambia labda imani yake yeye ndiyo ndogo, akarudi kivulini na mtoto.

Dari ikalazwa. Habari zikaenea mpaka miji ya jirani kwamba kuna sheikh amejenga nyumba ambayo tajiri na maskini wote huingia wameinama, na watu wakaja kuiona, wakaingia wakatoka wanafuta machozi, wakisema nyumba ile inamkumbusha mtu kaburi. Thaubani akawa anasomesha humo humo.

Kikaingia kiangazi. Adhuhuri moja wakafika wageni kutoka mji wa Kufa, wengi, wakakaa goti kwa goti, hewa ikawa nzito. Lubaba alikuwa nyuma ya pazia na mtoto, na hapakuwa na njia ya kutoka ila kupita katikati ya wale wanaume. Mtoto alikuwa anakoroma, kisha akaanza kuvuta pumzi kwa shida, mbavu zinaingia ndani, zinatoka, zinaingia. Mama akampepea kwa upindo wa mtandio. Akasoma alichojua kusoma, akampepea tena, na huku anasikia sauti ya mumewe ikieleza fadhila za unyenyekevu, akaogopa kumwaibisha mbele ya wageni, akasema ngoja amalize, ngoja kidogo tu. Mara ule mkoromo ukakatika. Akatazama, midomo ya mtoto imegeuka rangi.

Hapo haya zote zikamtoka. Akalisukuma pazia akapita, akikanyaga kanzu za watu, kichwa kikigonga magogo, huku analia, "Nipisheni! Nipisheni jamani, mtoto anakufa!"

Na Thaubani alikuja kusema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba jambo la kwanza lililompitia moyoni saa ile halikuwa mtoto. Lilikuwa: huyu mwanamke amenivunjia darasa. Kisha akajisikia alichokiwaza, akainuka na kukimbilia nje.

Uani upepo ulikuwa wa moto, lakini ulikuwa upepo. Lubaba alikuwa amemlaza mtoto kifudifudi juu ya mkono wake, anampiga mgongoni taratibu, anamwita, "Suhaili, baba, Suhaili wangu," mpaka mtoto akatoa kilio chembamba, halafu kingine, na rangi ikaanza kumrudia.

Mmoja wa wageni akapaza sauti, "Allahu Akbar! Tazameni, sheikh amejaribiwa katika zuhudi yake hata kwa mwanawe, na hakutetereka!" Wenzake wakaitikia.

Kunyamaza tu kungemtosha Thaubani. Lakini akasema, na macho yake yako chini, "Msiseme hivyo, nawaomba. Wallahi sikuishusha dari ile kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Niliishusha ili nyinyi mkiinama mnisifu. Ninapokuwa peke yangu joto hunishinda, natoka nakaa hapa uani. Mkibisha hodi ndipo narudi ndani. Waliobaki humo muda wote ni mke wangu na huyu mtoto."

Mmoja wa wageni akaanza kutafuta viatu vyake.

Thaubani akachutama mbele ya mkewe. "Lubaba, nisamehe."

Lubaba hakumwinulia uso. "Na mimi nani atanisamehe? Nilimsikia anakatika pumzi, nikawa nafikiria wale watakuonaje wewe."

Jabala akaitwa, dari ikabomolewa, kuta zikapandishwa. Mji ukasema zuhudi imemshinda, amerudia dunia, na wengi wakaacha kuja kwenye darasa lake. Waliobaki walimsihi ajitetee, akakataa.

Suhaili akakua, ila kifua chake hakikupona sawasawa. Wanasema kila Thaubani alipokuwa akisalisha, na kikohozi cha mwanawe kikasikika katika safu za nyuma, sauti yake ilikuwa ikikwama katikati ya aya. Maamuma wakawa wanasema, mwoneni anavyomcha Mola wake. Siku alipozisikia habari hizo alitoa salamu akawageukia, akasema, "Siyo hofu mnayoidhania. Ni aibu."

Ndugu zangu, ibada tunayotaka ionekane, mara nyingi anayeilipia ni mtu mdogo aliye nyuma ya pazia, asiyeweza hata kusema. Mwenyezi Mungu atuonyeshe nafsi zetu mtu huyo angali anavuta pumzi.