Siku Sita Sandukuni

Mniwie radhi, enyi watoto, na enyi wazazi mliojificha nyuma ya watoto, maana hadithi hii nitaisimulia vibaya: bibi yangu aliisimulia watu wakatokwa machozi kwa kucheka, na mimi nikiisimulia machozi hunitoka peke yangu.

Basi, katika mji wa Marijani alitawala Sultani Jamalidini, mwenye ndevu za fedha na tumbo lililomtangulia barazani, naye aliipenda Ijumaa kuliko siku zote, kwa kuwa ndiyo siku ya biriani. Akaisugua pete yake, na moshi ukafuka, na jini Kamkamu akatokea na kuinama.

"Labeka, maulana!"

"Nataka kila siku iwe Ijumaa."

Jini, asiyezoea kuuliza maswali, akazikamata Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi, akazishindilia sandukuni, na akakalia kifuniko.

Mji mzima ukashangilia, isipokuwa Faraji, mpishi wa kasri, aliyekuwa amuoe Mwanaidi, msuka mikeka, Alhamisi ileile.

"Iko wapi Alhamisi yako?" Mwanaidi akamuuliza dirishani.

"Imekaliwa na jini, mpenzi."

"Basi mwinue! Baba kasema, Alhamisi isipofika naozwa muuza siki!"

Ijumaa ya kwanza ikaliwa biriani, na ya pili makombo, na ya tatu Faraji akaweka sinia ya dhahabu mbele ya Sultani, akafunua kawa. Tupu!

"We mpishi, shingo imekuchosha?"

"Maulana, mchele huletwa sokoni Jumatatu, na viungo husagwa Jumatano, na mbuzi huchinjwa Alhamisi. Nasi tumo Ijumaa tangu Ijumaa."

Sultani akajitazama. "Na hili doa la mchuzi kwenye kanzu?"

"Dobi hufua Jumanne."

"Na ndevu hizi?"

"Kinyozi huja Jumapili."

Jini akakohoa. "Nami, maulana, siku yangu ya kulala ni Jumamosi. Macho yanawasha."

Sultani akacheka hata kilemba kikamdondoka. "Kumbe Ijumaa yangu hupikwa na wenzake sita! Fungua!"

Na siku zikatoka zimekunjamana, Jumamosi mbele akipiga chafya, Alhamisi mwisho akinyoosha mgongo, na Ijumaa akawapokea mlangoni. Wakawa saba, nao saba hao ndio wiki. Kisha Jumamosi akaanza tena, na hadi leo hawajaruka zamu.

Alhamisi ilipowadia Faraji akamuoa Mwanaidi, na Sultani akawapa nyumba ya ghorofa na makasha saba ya lulu, na watoto wa Marijani wakafunzwa kwamba siku ya raha hubebwa mabegani na siku za kazi.

Nami nilialikwa harusini. Nikafika nimevaa kanzu mpya, nanukia marashi, nikakuta masufuria yanasuguliwa: ilikuwa Ijumaa. Msimlaumu mpishi, wala jini. Siku zote saba zilikuwa huru, na huyu aliyeshindwa kuzihesabu ndiye leo mmemketisha hapa awafundishe wiki.